Waya Mmoja, Simu Saba

Mwaka jana nilijiandikisha darasa la kompyuta la watu wasiojua kitu, hapa Mugumu. Mwalimu ni binti mwenye umri wa mjukuu wangu. Siku ya tatu alichora visanduku saba ubaoni, akaviunganisha kwa mstari mmoja mrefu, akasema, "Huu ndio mtandao. Kila kompyuta ina anwani yake. Zote zinatumia njia moja, kwa hiyo lazima kuwe na utaratibu, la sivyo ujumbe utagongana." Alitutazama kama mtu anayewaonesha wageni mlango. Niliandika daftarini kwa adabu, ila moyoni niliona raha, kwa sababu visanduku vile mimi nilivijua kwa sauti zao. Kimoja kilikuwa na kikohozi. Kingine kilipenda hotuba.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka kwetu Tarime ambako nilijifunza kazi ya kuunganisha simu. Nikaletwa posta ya Mugumu kusimamia laini mpya. Nilitegemea kukuta ubao wa kuunganishia kama ule niliojifunzia, wenye matundu na kamba zake. Nikakuta meza, kiti kimoja kinachoyumba, na simu ya kuzungusha yenye mpini ubavuni. Laini yenyewe ilikuwa waya mmoja tu. Ulitoka Mugumu, ukapita Ikoma, ukaishia Issenye, na tawi lake likaenda Busawe. Simu saba zilining'inia kwenye waya huo kama nguo kwenye kamba. Tatu kati yake sitazisimulia, zilikuwa na watu wapole.

Simu zikiwa zote kwenye waya mmoja, ukizungusha mpini zote zinalia. Sasa atajuaje mtu kwamba anaitwa yeye? Tulipeana milio. Busawe ilikuwa mifupi miwili. Ikoma, mrefu mmoja na mfupi mmoja. Issenye, mirefu miwili. Mimi wa Mugumu, mifupi mitatu. Ukisikia mlio usio wako, unaendelea na shughuli zako. Hiyo ndiyo anwani, na sikuhitaji kompyuta kuielewa.

Shida haikuwa anwani. Shida ilikuwa masikio. Mlio wa Issenye ukilia Busawe, nani ataendelea na shughuli zake wakati habari za Issenye zinapita ukutani mwake? Watu wakawa wanainua mkono wa simu taratibu na kusikiliza. Na waya ule haukuwa na nguvu nyingi. Kila mkono ulioinuliwa ulikula sehemu ya sauti. Wakisikiliza wawili, unasikia kwa shida. Wakisikiliza wanne, unabaki na mvumo wa nyuki.

Lakini wasikilizaji wetu hawakuweza hata kujificha vizuri. Kwa watu wa huku, kusikia sauti ya mzee na kukaa kimya ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kusikiliza maneno yasiyokuhusu. Simu ya Busawe ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye kikohozi, wa rika la juu kabisa kati ya wote tuliokuwa kwenye waya. Siku moja anazungumza na Issenye, mara sauti ya kike ikapenya katikati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi muuguzi wa Ikoma."

"Nimekupigia wewe?"

"Hapana, mzee."

"Haya. Watoto hawajambo?"

Basi hapo ng'ombe wataulizwa, mvua itaulizwa, na mwalimu wa shule, mmoja wa wale wapole, ambaye naye alikuwa anasikiliza ataona aibu kubaki nyuma, ataamkia pia. Nimewahi kuhesabu mazungumzo ambayo salamu zilikwisha na betri zikawa zimechoka, neno lililowakutanisha halijasemwa. Nilikuwa natamani kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

Ndipo akaja mkaguzi wa laini kutoka mkoani. Mwanamume mrefu, suti ya Kaunda, kalamu tatu mfukoni. Aliketi kwenye kiti changu kinachoyumba, akazungusha mirefu miwili kuita Issenye. Aliyejibu kwanza alikuwa Ikoma, akamwamkia. Akafuata Busawe, akataka kujua ni mtoto wa nani. Issenye alipopatikana, sauti yake haikusikika. Mkaguzi akaweka mkono wa simu chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Binti," aliniambia, "watu wa huku hawajafikia simu. Ziko wilaya zinalia zipate waya huu. Nitarudi baada ya miezi mitatu. Nitaacha karatasi Issenye, na ujumbe ulioandikwa humo nitaungoja hapa. Ukinifikia mzima, kwa mpangilio wake, kabla ya saa tisa alasiri, waya utabaki. Usiponifikia, nitakuja na ngazi na koleo, nitaukunja siku hiyohiyo."

Mimi ni Mkurya. Ukitaka Mkurya asilale, mwambie hawezi. Lakini hasira yangu haikuwa ya majivuno peke yake. Kabla ya waya ule, mama mjamzito akizidiwa Ikoma, muuguzi alimtuma mtu kwa miguu mpaka Mugumu kuomba gari. Muuguzi yule aliniambia amewahi kuwapoteza wawili wakati mjumbe yuko njiani. Tangu simu ije alikuwa hajapoteza hata mmoja. Hicho ndicho ambacho mkaguzi alitaka kukikunja na kukipakia kwenye Landrova.

Nikaanza kwa kukosea. Nilipiga simu kote, nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kusalimiana kwenye waya. Nilisema kwa ukali, kwa Kiswahili cha ofisini. Waya ukawa kimya siku nne. Hakuna aliyepiga wala kupokea. Siku ya tano yule mzee wa Busawe aliingia posta na fimbo yake, amekuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, tata," nilisema, kama tunavyomwita baba, nikainuka.

"Kumbe unaijua," alijibu. Akaketi kwenye benchi, akakohoa mpaka akamaliza. "Nimesikia simu imekataza adabu. Mtu akinisikia naongea akanyamaza, nitajuaje kama ni mtu au ni fisi?"

Nilimweleza habari za mkaguzi. Nilimweleza habari za nguvu ya waya. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Nikapandwa na hasira, nikamuuliza kama nyumbani kwake watu wanamwamkia kila wakipita mbele yake kutwa nzima.

"Kutwa nzima kwa nini?" alisema, akanitazama kama anayetazama mtu asiye na akili timamu. "Wanakuja asubuhi, wananisalimu kwa rika zao, imekwisha. Baada ya hapo kila mtu na jembe lake. Nani ataacha jembe aje kuniamkia mara ya pili? Huo nao ni uvivu."

Alikuwa anagombana nami, hakujua kwamba amenipa ufunguo. Mimi mwenyewe sikujua mpaka alipokwisha kunywa chai na kushika njia ya kurudi. Nilimkimbilia barabarani, viatu mkononi, nikamwomba jambo moja.

Kuanzia kesho yake, kila saa mbili kamili asubuhi, nilizungusha mlio mmoja mrefu sana ambao haukuwa wa mtu yeyote, maana yake ulikuwa wa wote. Simu zote saba zikainuliwa. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini kwa salamu ilitosha. Mzee wa Busawe alianza, wengine wakafuata kwa rika, wa mwisho mimi. Nyumbani hawajambo, mvua ipo, ng'ombe wapo. Kisha nikasema, "Tumesalimiana," na wote wakarudisha mikono ya simu. Baada ya hapo mpaka jioni hakuna mtu aliyekuwa na deni la salamu kwa mwenzake. Aliyesikia sauti ya mzee angeweza kuweka chini bila dhambi, kwa sababu adabu yake alikwisha kuitoa asubuhi. Mwalimu wangu wa kompyuta anasema mashine nazo huanza kwa kusalimiana kabla ya kupeana kazi. Nilimwambia sishangai, aliyezitengeneza huenda alilelewa vizuri.

Lilibaki suala la kugongana. Wawili wakitaka kupiga kwa wakati mmoja, milio inachanganyika na haijulikani nani anamwita nani. Wakiacha wote na kuanza tena pamoja, yanakuwa yaleyale. Nikawapa kila mmoja hesabu yake ya kungoja. Mzee wa Busawe, akigongana na mtu, angehesabu mpaka tano ndipo azungushe tena. Muuguzi mpaka kumi. Katibu wa kijiji wa Issenye mpaka kumi na tano. Kwa kuwa hesabu ilifuata rika, hakuna aliyeona ameonewa, isipokuwa huyo katibu, ambaye aliona ameonewa kwa kila jambo tangu azaliwe.

Huyu katibu ndiye aliyekuwa mlima wangu. Alikuwa kijana msafi, mwenye sauti ya mkutano wa hadhara. Karatasi ya mkaguzi ingeachwa kwake, na ujumbe ungetoka kinywani mwake. Na yeye alisoma ujumbe wowote kwa pumzi moja, toka "Ndugu mpokeaji" hadi "kidumu chama," hasikilizi kama uliyeko upande wa pili umepata chochote. Radi ikipiga katikati, inabidi arudie yote, na radi itapiga mahali pengine.

Nilimwomba aukate ujumbe. Mistari mitano, kisha atulie. Kila kipande akipe namba. Mimi nikikipata nitasema, "Cha kwanza nimepokea," ndipo aendelee na cha pili. Asiposikia nimepokea, arudie kipande hicho tu.

"Dada," alinijibu, "mimi si mtoto wa darasa la kwanza wa kusomewa imla."

Nilibembeleza wiki mbili. Aliyemshinda ni muuguzi wa Ikoma, ambaye bila shaka alikuwa anasikiliza. Sauti yake ilipenya taratibu: "Ndugu Katibu, hata dawa hatumezi chupa nzima. Kijiko, kijiko." Nilisubiri katibu alipuke. Badala yake nikasikia karatasi inageuzwa.

"Kipande cha kwanza," alisema, kwa sauti ya mtu anayetapika.

Tukafanya mazoezi kila siku. Niliwatumia bei za pamba, wakanirudishia. Niliwatumia orodha za majina ya ndege, kwa Kiikoma na kwa Kikurya, maneno yasiyozoeleka ili wasiweze kubahatisha. Nilikuwa mkali, najua. Muuguzi alisema mimi ningefaa kuwa mama mkwe.

Mkaguzi alirudi kama alivyoahidi, na ngazi juu ya Landrova. Vibarua wawili walikuwa wamekaa nyuma na makoleo. Karatasi alikuwa ameiacha Issenye jana yake, na nakala yake ilikuwa ndani ya bahasha iliyobandikwa, mfukoni mwa koti. Salamu zetu za saa mbili zilikuwa zimekwisha. Mkaguzi akaketi, akazungusha mwenyewe mirefu miwili, akaweka sikio. Nilimtazama uso. Alikuwa anangoja aamkiwe na wilaya nzima.

"Issenye hapa," sauti ilisema, ikasikika mpaka kwangu niliyesimama. Hakuna mwingine aliyepumua. Mkaguzi alinipa mkono wa simu.

Ilikuwa orodha ya mbegu na vifaa vya vijiji, vipande tisa. Alikuwa ameitunga kwa makusudi mtu akosee: mtama mwekundu magunia saba, mtama mweupe magunia sita, tena mtama mwekundu magunia sita. Cha kwanza nimepokea. Cha pili nimepokea. Kwenye cha nne waya ukakwaruza, nikapata mistari mitatu. Nikanyamaza. Katibu alingoja, hakusikia kupokelewa, akarudia cha nne peke yake kwa sauti tulivu ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilitaka kumbusu. Cha nne nimepokea. Cha tano. Cha sita nimepokea.

Kisha simu ikafa. Nilizungusha mirefu miwili, nikazungusha tena, hakuna. Nilizungusha Ikoma, muuguzi akajibu mara moja. Maana yake waya umekatika mbele yake, kati ya Ikoma na Issenye. Huko twiga hupitisha shingo bila kutazama.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Mkaguzi alifunga daftari.

"Si kosa lenu," alisema, na kwa kweli alisema kwa upole, jambo lililonichoma zaidi. "Lakini sharti ni sharti."

"Sharti ni saa tisa," nilimjibu. "Sasa ni saa nne na nusu."

Alicheka kidogo, akatoka nje kukaa kivulini na vibarua wake. Mimi niliketi. Sikuwa na mpango wowote. Toka Issenye mpaka Ikoma ni mwendo mrefu, njia yenyewe mchanga na mawe, na sikuwa na namna ya kumwambia katibu afanye nini. Saa tano ikapita. Saa sita, saa saba. Mzee wa Busawe hakupiga hata mara moja, na najua alikuwa amekaa mbele ya simu yake. Saa nane vibarua walianza kushusha ngazi. Nilisikia miguu yake ikigonga ardhi, machozi yakanitoka, nikayafuta kwa hasira.

Saa nane na dakika ishirini simu ililia. Mifupi mitatu. Niliinua, nikasikia mtu anahema kama ng'ombe wa kulima. Hakusalimu. Hakusema yuko wapi wala amepita wapi.

"Kipande cha saba," alisema.

Alikuwa katibu mwenyewe, yule ndugu msafi, na alikuwa Ikoma, zahanati, kwa muuguzi. Simu ilipokufa alikuwa amengoja kidogo, akazungusha, akaona kimya. Alijua nimepokea cha sita kwa sababu nilimwambia. Alijua cha saba, cha nane na cha tisa bado. Akachukua baiskeli ya shule, karatasi akaifunga kifuani ndani ya shati, akaendesha. Alianguka mara mbili. Haya yote aliyasimulia muuguzi baadaye, maana yeye wakati ule hakuwa na pumzi ya kusimulia. Aliitumia yote aliyokuwa nayo kwenye mtama na majembe.

Cha saba nimepokea. Cha nane nimepokea. Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni. Cha tisa nimepokea.

"Hiyo ni baiskeli," mkaguzi alisema. "Si simu."

Niligeuka. Sijui nilipata wapi ujasiri ule, mbele ya mtu wa mkoani mwenye kalamu tatu. "Ndugu Mkaguzi, ulisema ufike mzima, kwa mpangilio, kabla ya saa tisa. Hukusema upite wapi. Njia moja imekatika, umepita nyingine. Namba ziko juu ya kila kipande, panga mwenyewe."

Aliingia mpaka mezani. Akatoa bahasha, akaichana, akaweka nakala yake pembeni ya karatasi yangu. Alipitisha kidole mstari kwa mstari. Alipofika mwisho alirudi juu, akapitisha tena, na nikaona kwamba alikuwa anatafuta kosa kwa bidii ya mtu mwaminifu. Hakulipata. Mtama mwekundu ulikuwa sita palipotakiwa sita. Alitoka nje, nikamsikia anawaambia vibarua warudishe ngazi juu ya gari, wanakwenda Ikoma kutafuta mahali waya ulipokatika, waunge kabla jua halijazama.

Barua rasmi ilifika baada ya majuma kadhaa. Sikungoja saa mbili asubuhi. Nilizungusha ule mlio mrefu sana wa watu wote, na simu zote saba zikainuliwa, sauti ikawa uzi. Nikawaambia nina ujumbe kutoka mkoani, vipande vitatu. Kipande cha kwanza kilikuwa anwani na kumbukumbu namba. Wote walipokea, mmoja baada ya mwingine. Kipande cha pili kilisema waya utabaki ulipo, na utaongezwa simu nyingine mbili. Ikoma alipokea. Issenye alipokea kwa neno moja tu, bila hotuba. Busawe akawa kimya.

"Busawe, umepokea cha pili?"

Kikohozi kwanza. "Sijakipata vizuri. Rudia."

Nikarudia, waya utabaki ulipo.

"Kuna mkwaruzo," alisema mzee. "Rudia."

Hakukuwa na mkwaruzo wowote. Siku ile waya ulikuwa safi, nilisikia kuku wanatembea uani kwake. Nilikirudia mara ya tatu, taratibu, neno kwa neno, na hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyeweka chini mkono wa simu.